Alichokisikia Mkunga Dancille

Asubuhi hiyo mkunga Dancille aliweka pembe yake ya mti juu ya tumbo la mama mmoja wa Mudende, akainamisha sikio asikilize moyo wa mtoto. Hakusikia moyo. Alisikia mwanamke akisema kwa upole, kama mtu aliye nyuma ya pazia: "Ngojeni."

Akainua kichwa. Mama yule alikuwa anatazama dari.

"Umesema nini?"

"Mi? Sijasema kitu. Mutoto iko muzima?"

Aliinama tena. Safari hii moyo ulikuwapo, unadunda vizuri. Akajiambia ni uchovu.

Kesho yake sauti ilirudi katika tumbo jingine, na kesho kutwa katika la tatu. Ikaja na harufu ya udi, ndani ya wodi ambayo siku zote ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Masera, wale watawa wa hospitali, walifungua madirisha, upepo wa ziwa Kivu ukaingia, udi haukutoka. Dancille, binti wa misheni ya Nyundo aliyekua kwa misa na katekisimu, akaanza kuvaa rozari mbili.

Kilichomnyima raha ni kwamba sauti aliijua. Miaka miwili nyuma, mwaka wa 1954, Saidati, mke wa dereva Kadiri, aliletwa na uchungu wa siku tatu. Dokta Mzungu akasema apasuliwe. "Ngojeni," Saidati alisihi. "Mi sitaki kukatwa kama Kadiri hajarudi kutoka Ruhengeri. Ngojeni kidogo tu." Dokta alimwagiza Dancille amchome sindano ya usingizi. Usingizi ulipomchukua, ni Dancille aliyekishika kidole gumba chake, akakipaka wino, akakigandamiza kwenye karatasi ya kukubali. Mtoto alitoka amekufa. Saidati alipona, ila kizazi chake kilitolewa, na Dokta akasema asiambiwe, atalia bure. Tangu hapo, kila alipokuja kuuliza mbona hashiki mimba, Dancille alimjibu: "Subira, dada. Mungu ni mkubwa."

Siku moja, saa sita mchana, wodi ikiwa imejaa, wanawake kumi na mmoja wenye mimba walilala kwa pamoja kama taa zilizozimwa, na kutoka katika matumbo yao, kitanda hadi kitanda, ikaja sauti ileile ikisema ngojeni, ngojeni, ikipanda, ikimfuata Dancille aliyekuwa akirudi kinyumenyume huku ameziba masikio, hata alipougusa mlango akatambua kwamba haitoki tena kwao, inatoka kooni mwake mwenyewe.

Alijitupia shuka kichwani, akakimbilia mtaa wa Waislamu, kwa Mwalimu Faradji, aliyefundisha watoto Kurani na kutoa majini. Mwalimu aliwasha ubani, akasoma kwa muda mrefu. Ndipo mdomo wa Dancille ukafunguka, na sauti nzito isiyo yake ikasema:

"Sikuvunja mlango. Aliufungua yeye, siku aliyokishika kidole cha Saidati, wakamtoa—"

Mwalimu alimziba mdomo kwa kiganja. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Basi! Habari ya tumbo ya muke wa mutu si ya masikio yangu," alinong'ona. "Mwenyewe anajua?"

Dancille akatikisa kichwa: hajui.

"Donc basi, mi siwezi kumutoa jini huyu, mama. Umeniletea neno la mutu mwingine. Peleka kwa mwenyewe."

Dancille alimkuta Saidati kizingitini kwake, anapepeta mchele mwingi mno kwa nyumba ya watu wawili.

"Wa harusi," Saidati alisema. "Kadiri anaoa mwezi ujao. Mi niko tasa, nitafanya nini?"

Dancille alipiga magoti hapohapo, akamwambia yote: sindano, kidole, wino, kizazi. Zile subira zake alizisema mwisho.

Ungo ulimteleza Saidati mikononi.

"Ungeniambia nitakufa, ningekubali," alisema taratibu. "Mi si mujinga, Dancille. Ningekubali na kinywa changu."

"Nisamehe, dada."

Saidati alimshika mikono yote miwili. Dancille akahisi kitu kikimtoka kooni, kikipita mabegani na mikononi kama maji ya baridi, kisha kifua chake kikawa chepesi. Kuku waliokuwa wakidonoa mchele walitawanyika kwa kelele. Harufu ya udi ikajaa, lakini sasa ilitoka upande wa Saidati.

"Saidati! Twende kwa Mwalimu, haraka, atamutoa!"

"Nani amekuambia mi nataka atoke?" Sauti zilikuwa mbili, zikienda pamoja. "Miaka mbili nalia peke yangu. Huyu ndiye alikuwa ananiulizia."

Akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya kupanda hospitalini.

"Dokta iko?"

"Iko," Dancille alinong'ona.

"Bon, sawa. Kuja. Mi sijui Kifaransa chake, wewe utatafsiri. Usiruke hata neno moja."