Igizo la Mwalimu Ackson

Haya alinisimulia Veronika, mke wa Mwalimu Ackson, mwaka tisini na nane, tukimenya ndizi za harusi kwa jirani. Alicheka hadi kisu kikamtoka mkononi.

Nyumba yao huko Masukulu ilikuwa na amani. Baba alifundisha darasa la nne, mama alilima, na binti yao Tusekile, aliyesoma darasa hilo hilo la baba yake, aliiga kila kiumbe, kuanzia mchungaji hadi bata. Kisha wakaja wanunuzi binafsi wa chai, tamaa nayo ikachipua. Kipindi cha Sanaa, Jumanne na Alhamisi, darasa zima likawa linachuma chai shambani kwa mwalimu.

"Baba Tuse, hao ni watoto wa watu," mkewe alimwambia. "Wataimba lini?"

"Nyimbo zinashibisha? Waache wazoee kazi."

Lakini kwenye andalio la somo aliandika kwa mwandiko mzuri: Igizo. Wiki sita, igizo. Wazazi wenzangu, uongo wa mdomo hupita na upepo. Wa kuandika unakaa pale pale unakusubiri.

Alhamisi moja, darasa likijiandaa kutoka kwenda shambani, akaingia mkaguzi, mama mmoja mpole kutoka Tukuyu. Akasoma andalio, akaketi.

"Mwalimu, umenifurahisha. Nionyesheni hilo igizo."

Mwalimu akakohoa. Akasema watoto wana mafua. Akasema ngoma imepasuka. Tusekile akaona jasho linamtiririka baba yake katika baridi ile ya Juni, akamhurumia. Akasimama.

"Shikamoo mama. Tunaliweza."

Akavaa koti la baba yake, akatoa tumbo mbele, na sauti ikawa ya baba kabisa: "We Andrea! Nimesema majani mawili na kichipukizi! Hayo magogo unampelekea nani, ng'ombe? Asiyejaza kikapu haendi kwao!"

Darasa zima likainama kuchuma. Andrea akajifanya ameingiwa na siafu, akaruka dawati hadi dawati. Mkaguzi alicheka mpaka miwani ikaanguka.

"Ndaga fijo, asanteni sana wanangu! Mmejifunzia wapi?"

"Shambani kwa mwalimu!" wakajibu wote. "Kila Jumanne na Alhamisi!"

Mkaguzi akaokota miwani, akaivaa taratibu. Hakucheka tena. Hapo Tusekile akaelewa alichofanya, akaangua kilio. "Mama, usimfukuze baba. Nilitaka kumsaidia."

Mkaguzi akamtazama mtoto, kisha baba. "Simfukuzi. Chai yako utachuma mwenyewe, mwalimu, baada ya masomo. Na mwisho wa muhula nitarudi, wazazi wote wawepo. Igizo ni hili hili, ila mwenye siafu utakuwa wewe."

Basi, vipindi vya Sanaa vikawa vya Sanaa. Andrea ndiye aliyemfundisha: "Ruka zaidi, mwalimu! Siafu gani hao, wamekuonea haya?"

Siku ikafika. Mwalimu aliruka mpaka kifungo cha suruali kikakatika. Wazazi walicheka, wengine kwa uchungu, maana ndani ya igizo waliwaona watoto wao wakitumikishwa shambani. Akasimama akihema, akaomba radhi mbele ya wote. Nao wakampigia makofi.

Jioni ile Tusekile alisinzia kwenye mkeka, mama yake akamfuata. Mwalimu alibaki akikanda magoti yake, akicheka peke yake, mpaka naye usingizi ukamchukua na viatu vyake miguuni.

FUNZO

Kipindi cha mtoto si kibarua cha mkubwa. Kuimba, kuchora na kuigiza ni masomo kama hesabu. Ukimnyima mtoto, umemwibia. Na usipompa cha kuigiza, atakuigiza wewe.