Mtoto Aliyeamka Kwenye Filamu

"Zima."

"Mama Kidoti, bado majina ya waigizaji hayaja..."

"Nimesema zima!"

Mhariri wa picha akabonyeza kitufe. Skrini ikawa nyeusi. Mhariri huyo, mama mtu mzima, alikuwa amefanya kazi kwenye chumba hiki kidogo cha kuhariri muda wa kutosha kujua moshi unapofuka. Akachukua mtandio wake, akasema anakwenda kutafuta chai, akatoka bila hata kuuliza nani mwingine anataka.

Wakabaki wawili: mwandishi wa kitabu, na mwongozaji wa filamu iliyotokana na kitabu hicho. Mke na mume.

"Ameamka," mke akasema.

"Ndiyo."

"Mtoto ameamka, ameomba maji, baba yake amembeba, wametoka hospitali jua linawaka. Na muziki juu."

"Muziki tutaubadilisha."

"Unanitania, baba Kidoti?"

"Hapana."

"Kitabu kinaishaje?"

"Unajua kinavyoisha."

"Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Mume akatazama viatu vyake. "Mtoto anafia mikononi mwa mama yake. Baba anafika mambo yameshakwisha. Ananuka rangi za kazini kwake. Anauliza, daktari kasemaje."

"Basi hadithi niliyokupa ni hiyo. Wamekuja watu na fedha zao, wanakitaka kitabu, nikawakatalia. Nikasema nitampa mume wangu, yeye ndiye anayejua uchungu wake. Ukaniapia hutagusa mwisho."

"Niliapa."

"Sasa?"

"Nilishindwa."

"Ulishindwa, au uliona baba wa kwenye kitabu anaonekana mbaya ukaamua kumsafisha?"

Mume akasogeza kikombe mezani.

"Labda," akasema.

Mke akachukua mkoba wake. Mlango ulivyobamizwa, kikombe kilichokuwa mezani kilicheza.

Kidoti lilikuwa jina la mapenzi, kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kabla hajaanza shule, na nyumba ikageuka ya watu wawili wanaopishana kwenye korido kama wapangaji. Mama yake hakula, hakuoga mpaka aambiwe. Kisha siku moja akakaa mezani akaanza kuandika. Kitabu kilipotoka, watu walilia mpaka kwenye vituo vya basi. Wanawake waliofiwa na watoto walimtafuta wamshike mkono tu. Na yule baba wa kwenye kitabu, yule aliyechelewa, alitukanwa kila kona.

Jioni ile mke alituma ujumbe: "Ondoa jina langu kwenye hiyo filamu."

Jibu likaja: "Sawa. Umekula?"

Mke akaiweka simu kifudifudi. Mume hakurudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Wifi, kaka yangu yuko hapa kwangu. Amelala kwenye kochi kama mzigo uliosahaulika stendi. Mmegombana nini?"

"Amekiharibu kitabu changu."

"Kitabu."

"Ndiyo, wifi. Filamu ikitoka kwenye kitabu kila mtu hulalamika kwamba imepunguza, imekatakata. Hilo nililitegemea. Lakini hii haikupunguza. Imedanganya! Watu waliolia na mimi nitawaambia nini?"

Huku nyuma cherehani ilikuwa inalia. Ikanyamaza.

"Wifi, nikuulize kitu, na usinikatie simu."

"Uliza."

"Siku ile Kidoti anakata roho, alikuwa mikononi mwa nani?"

"Umesoma kitabu."

"Sikuuliza kitabu. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyefungua mlango wa wodi nikamkuta kaka yangu amembeba, hataki kumwachia muuguzi. Tukambembeleza kama tunambembeleza mtoto mwingine. Wewe ulikuwa wapi?"

Mke akakata simu.

Akakaa palepale sakafuni, mgongo kwenye friji, simu mkononi. Kwa sababu alijua alikuwa wapi.

Alikuwa hapahapa nyumbani, amelala.

Alikuwa amekesha na mtoto mpaka macho yakawa yanaona vitu visivyokuwepo. Asubuhi mumewe, aliyekuwa ametoka kazini mbio siku mbili kabla na hakurudi tena huko, alimwambia, "Nenda kaoge, mama Kidoti, ubadili nguo, mimi nipo." Akaenda. Akakaa kitandani avue viatu. Usingizi ukamchukua kiatu kimoja kikiwa bado mguuni. Alipozinduka jua lilikuwa utosini. Alikimbia mpaka wodini, akakuta wanatandua shuka.

Alipoanza kuandika, alijaribu kuiandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Kalamu iligoma. Akajaribu tena, akatapika. Ndipo siku moja akawabadilisha watu mahali: akamweka mama kitandani kwa mtoto, na akampeleka baba mbali. Sentensi zikaanza kutoka zenyewe. Akala siku hiyo. Uongo nao ukirudiwa hupata miguu, ukitembea sana hupata nyumba. Alikisoma kisa kile mbele za watu mara nyingi, akionyesha kwa mikono jinsi alivyomkumbatia mwanawe, mpaka mikono yenyewe ikaanza kukumbuka uzito ambao haikuubeba.

Na mumewe alikuwa pale pale siku zote, nyuma ya ukumbi, amembebea maboksi ya vitabu. Mama mmoja aliwahi kumsogelea dukani mbele ya mkewe: "Samahani, wewe ndiye yule baba?" Akajibu, "Ndiyo, ni mimi." Yule mama akasonya, akaondoka. Mke alikuwa anachagua sabuni. Aliendelea kuchagua sabuni.

Mchana akaenda kwa wifi yake. Wifi akafungua mlango, akamtazama juu mpaka chini, akajipangusa nyuzi kwenye gauni.

"Mimi nakwenda kununua vifungo," akasema. "Mkivunja kitu mtalipa."

Mume alikuwa amekaa kwenye kochi kati ya magauni ya wateja. Hakuinuka.

"Kwa nini hukusema?" mke akamwuliza.

"Niseme nini?"

"Ulikisoma kitabu kabla hakijaenda kwa mchapishaji. Ukanirudishia, ukasema kuna koma zimezidi. Koma! Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa huli. Ulikuwa unapita karibu yangu hunioni. Ulipoanza kuandika ukaanza kula. Nikajiambia, kama mimi nikiwa mbaya ndani ya kitabu mke wangu anapona, acha niwe mbaya."

"Na watu wakakutukana."

"Walimtukana baba wa kwenye kitabu."

"Uliwaambia ni wewe!"

"Ningewaambia nini? Kwamba mke wangu mwongo?"

Neno lile lilitoka kwa upole, na ndiyo maana lilichoma. Mke akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Basi filamu ungeitengeneza kama kitabu. Umevumilia miaka yote, ungeshindwa hapo?"

"Tuliipiga. Hujui tu. Tuliipiga kwanza kama ulivyoandika. Nikamwelekeza mwigizaji: chelewa, ingia taratibu, uliza daktari kasemaje. Akaingia. Akauliza. Halafu ilikuwa zamu yangu kusema kata, sauti haikutoka. Kamera inaendelea, watu wote wananitazama. Yule mtoto wa kuigiza amelala pale na pengo lake la mbele, anajikaza asicheke. Nikatoka nje."

Akafuta uso kwa kiganja.

"Nikakaa nikafikiri. Nikifuata kitabu, najizika mimi. Nikifuata ukweli, nakuzika wewe. Nikaona bora mtoto aamke. Angalau huyo mmoja."

Mke alinyoosha mkono amshike goti. Mume akalisogeza goti pembeni, si kwa hasira, kama mtu mwenye kidonda.

"Nimechoka, mama Kidoti. Niache kidogo nichoke."

Mke akaondoka peke yake.

Wiki za kungoja onyesho la kwanza walizungumza kwa simu tu.

"Mchapishaji anasema lazima tukae jukwaani wote wawili."

"Sawa."

"Jina langu liache."

"Sawa."

"Utarudi lini?"

Mume akaaga, akakata simu.

Onyesho likawa alasiri, ukumbi umejaa mpaka ngazini. Wengi walikuja na vitabu vyao kwapani, vimechakaa kwa kusomwa. Mtoto alipoamka kwenye skrini, wengine walipiga makofi. Lakini wengi walinung'unika, na mnung'uniko ule ulipita safu kwa safu. Taa zikawaka. Mshereheshaji akawaita jukwaani mume na mke, akaruhusu maswali.

Akasimama mwanamke wa makamo, kitabu kifuani.

"Mimi sina swali, nina malalamiko. Nilimzika wangu mwaka ule kitabu kilipotoka. Kitabu hiki ndicho kilinishika mkono. Sasa leo nimelipa kiingilio kuja kuona mtoto anaamka! Wa kwetu hawaamki. Na yule baba, baba asiyejua hata mwanawe amelala wodi gani, mmemfanya malaika. Mwongozaji, ulikuwa unajitetea?"

Ukumbi ukacheka, kicheko kibaya. Mume akasogeza kipaza sauti.

"Mama, filamu haiwezi kukifikia kitabu. Kitabu ni kikubwa. Mimi nimejaribu, nimeshindwa. Unisamehe."

Alisema hivyo akitabasamu kidogo, kama alivyotabasamu siku ile dukani. Mke akamtazama. Akanyoosha mkono akachukua kile kipaza sauti.

"Mama Kidoti," mume akanong'ona. "Acha."

"Kitabu ndicho kilichoshindwa," mke akasema. Sauti ilimtoka kubwa mno, akaishusha. "Mwanangu hakufia mikononi mwangu. Mimi nilikuwa nyumbani nimelala. Baba yake ndiye aliyekuwa naye. Ndiye aliyembeba. Hakuchelewa. Nilichelewa mimi. Nikaandika kinyume, kwa sababu niliona siwezi kuishi na vile ilivyokuwa, nikampa yeye aishi nayo."

Yule mwanamke alikuwa bado amesimama. "Kwa hiyo ile mikono," akasema polepole, "pale unaposema alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka... mikono ile haikuwa yako?"

"Haikuwa yangu."

"Mimi niliyaamini yale maneno."

"Najua, dada yangu."

Mwanamke akakitazama kitabu. Akakiweka juu ya kiti alichokuwa amekalia, taratibu, akapita mbele ya magoti ya watu mpaka mlangoni. Wengine wakamfuata. Si wote, lakini wengi.

Mambo hayakukaa vizuri baada ya hapo. Mitandaoni walimwita tapeli wa misiba. Mchapishaji alipiga simu akiongea kwa upole wa mtu anayejitoa. Filamu ilionyeshwa siku chache, ikashushwa. Waliokipenda kitabu waliikataa kwa kuwa haikufanana nacho, na ambao hawakukisoma hawakuwa na sababu ya kuja.

Lakini alasiri ile, walipotoka ukumbini kwa mlango wa nyuma, mume aliita teksi. Akamtajia dereva mtaa wao, si wa dada yake. Walipokaribia nyumbani, akamwuliza mkewe:

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Nimevumilia yote yale usije ukatazamwa vile walivyokutazama. Umeyamwaga kwa dakika moja."

"Wanitazame tu."

Nyumbani mke alifungua madirisha ya sebuleni. Mume akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akakizoea upya. Mwanga wa jua ulikuwa bado ukutani.

"Baba Kidoti."

"Naam."

"Sijawahi kukuuliza."

"Kuniuliza nini?"

"Alikwendaje. Nimeandika kurasa zile zote, nimemtungia na maneno ya mwisho. Wewe uliyekuwepo sijakuuliza hata siku moja."

Mume akaegemea kiti.

"Hakuwa na maneno mengi," akasema. "Alifumbua macho akakutafuta. Akaniuliza, mama yuko wapi? Nikamwambia, amekwenda kuoga, anakuja. Akauliza, amelala? Nikamwambia, labda amelala. Nikatoa simu nikupigie. Akanishika kidole. Akasema, usimwamshe. Mwache mama alale."

Mke akaweka mkono mdomoni.

"Ndiyo maana sikupiga," mume akasema. "Nilidhani muda upo. Na hilo ndilo langu mimi. Nilikuwa na simu mkononi."

"Hujalitunga hilo? Niambie kweli. Hujanitungia tu nipate kupumua?"

"Mtunzi ni wewe, mama Kidoti. Mimi nilisikia tu."

Akamwendea, akakaa chini kwenye zulia, akaegemeza kichwa kwenye goti lake. Safari hii goti halikuondoka. Walilia pamoja, kila mmoja kwa sauti yake, mpaka majirani wakashusha redio.

Alipoweza kusema, mke akamwomba aanze upya, kuanzia asubuhi ile alipomwambia aende kuoga, na asiruke kitu.

Mume akaanza.