Doa la Damu kwenye Kola

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na dirisha. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, hunisaidia kushona vifungo kwa mkono.

Tulipewa kazi ya sare nyeupe za wauguzi. Kila siku niliona madoa ya damu kwenye kola. Nikamgombeza wifi mbele ya wateja.

"Mikono yako michafu! Nenda kanawe!"

Alinawa, akarudi kwenye vifungo vyake. Asubuhi moja nikamkuta anafunga mzigo.

"Narudi kwa mama. Nimechoka kuitwa mchafu."

Kabla sijajibu, muuguzi alipiga hodi. Alifuata sare yake. Nilipokuwa nakaza kifungo cha mwisho, sindano ikanichoma. Nikafuta damu kwa kidole gumba, kama kawaida yangu, nikaendelea. Damu ikatoka tena, ikadondokea kola.

Wifi alitazama doa, akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mbona damu haikatiki?" muuguzi aliuliza. "Unameza dawa gani?"

"Aspirini tu. Kila asubuhi, kwa ajili ya mgongo."

"Nani kakuandikia?"

"Mgongo wenyewe."

Muuguzi hakucheka.

"Sikiliza, dada. Kwenye damu kuna chembe ndogo mno, zinaitwa chembe sahani. Nje zina vipokezi. Vipokezi ni kama masikio yake. Mshipa ukichanika, vipokezi vinanasa pale palipochanika. Habari inaingia ndani. Chembe inaamka, inabadilika umbo, inatoa kemikali za kuita nyingine. Nazo zinapokea wito, zinakuja, zinashikana, tundu linazibwa."

"Na aspirini?" wifi aliuliza.

"Inapunguza ule wito. Chembe ikishaguswa na dawa haipati nafuu. Mwili hutengeneza mpya, na huchukua kama siku kumi hivi. Aliyeandikiwa na daktari asiache bila kumwuliza. Lakini wewe umejiandikia! Njoo kliniki tukupime."

Nyani haoni kundule. Aibu ilinishika, nikashindwa kuinua uso.

"Wifi, nisamehe."

"Ulinitukana mbele ya watu," alisema. Mzigo akauweka mlangoni. "Namalizia sare hizi, kisha naondoka."

Kliniki walinipima, wakaniachisha aspirini, wakanifundisha mazoezi ya mgongo. Wiki mbili baadaye sindano ilinichoma tena. Nilibana kidole kwa kitambaa safi. Damu ikakata upesi. Lakini mzigo ulikuwa bado mlangoni.

Siku hiyo wateja walijaa sebuleni. Mmoja akatania, "Yule wa mikono michafu bado yupo?"

Nikasimama.

"Yupo. Ni mimi. Damu ilikuwa yangu, nikamsingizia wifi."

Nikaenda kunawa. Niliporudi, mlangoni hapakuwa na mzigo, na wifi alikuwa ameketi karibu na cherehani anashona vifungo.