Vidonge vya Shangazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia dada yake kupanga viti vya wateja barazani. Jina hilo alipewa kwa ajili ya maneno mengi. Dada yake, msusi, alikuwa na mkono mwepesi hata wateja walisinzia akiwasuka.

Siku moja dada aliamka na homa, haja ndogo ikimchoma. Mama, mpishi wa shule, alikuwa ameshakwenda kazini.

"Twende zahanati, dada."

"Nikiondoka, wateja watanihama."

Shangazi, aliyekuja kusukwa, alifungua mkoba. "Foleni ya nini? Vidonge hivi vilibaki nilipougua hivyo hivyo. Vilinitibu."

"Ni dawa gani, shangazi? Dada alipokuwa mdogo, salfa ilimtoa mapele. Mama alisema asipewe tena."

"Mtoto gani huyu, maswali kama askari! Dawa ni dawa."

Dada alivinywa bila mama kujua. Baada ya siku chache midomo ilimvimba, macho yakawa mekundu kama pilipili.

"Ndiyo ugonjwa unatoka huo," shangazi alisema. "Endelea kunywa."

Ngozi ilipoanza kutoa malengelenge, mama alimkimbiza hospitali. Shangazi na Chiriku walifuatana naye.

"Amekunywa dawa yoyote?" daktari aliuliza.

"Hajanywa kitu," shangazi alijibu haraka, akimfinya Chiriku mkono.

Chiriku hakuwahi kumpinga mkubwa mbele ya watu. Akamtazama dada, aliyekuwa hawezi hata kumeza mate.

"Amekunywa vidonge vya shangazi. Pakiti imo mkobani mwake."

Mama alichukua mkoba, akaitoa. Daktari alisoma pakiti: salfa. Dawa hiyo ikasitishwa, matibabu yakaanza papo hapo.

Dada alipona, lakini macho yake yalibaki na makovu. Mwanga ulimuumiza, na hakuweza tena kuona mistari ya nywele. Viti vya barazani vikauzwa.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaambia, "Dawa hii si sumu. Imewaponya wengi, shangazi yenu akiwemo. Lakini inayomfaa mmoja yaweza kumuua mwingine. Kama dawa iliwahi kukudhuru, lijue jina lake, umwambie kila anayekutibu. Na ukitokwa na mapele baada ya kunywa dawa, usingoje. Njoo siku hiyo hiyo."

"Ningekuja siku ile midomo ilipovimba, macho yangu yangepona?" dada aliuliza.

Daktari aliinamisha kichwa. "Pengine."

Tangu hapo shangazi hakukanyaga kwao tena. Alipopishana na Chiriku njiani, aligeuza uso.

"Mama, nimevunja undugu," Chiriku alilia.

Mama alimfuta machozi. "Ungenyamaza, tungemzika dada yako. Wakubwa tunawaheshimu, mwanangu. Lakini makosa yao hatuyafichi."