Karatasi Iliyopakwa Oili

Pikipiki ilianza kukosa pumzi kabla hawajamaliza kupanda mlima. Egbert alivuta eksileta, injini ikakoroma, ikatoa moshi mweusi, ikapoteza nguvu tena. Nyuma yao Nyakakika ilikuwa imeshafichwa na vilima. Mbele palikuwa na bonde la nyasi kavu na migunga, na ng'ambo ya bonde, mbali, migomba ya Kaisho iliyoonekana kama ukungu wa kijani. Katikati hapakuwa na nyumba wala kisima.

"Petroli chafu," Egbert alisema. "Siku hizi wanachanganya na mafuta ya taa."

Deodatha, aliyekaa nyuma akiwa amepakata dumu la maji, alikuwa ameisubiri sauti ile ya injini tangu kiangazi kilichopita.

Kiangazi hicho mumewe, Novatus, alikufa katika bonde hilihili. Pikipiki huvuta hewa kupitia chujio, na machujio yanayouzwa Omurushaka ni ya aina mbili: la karatasi, ambalo hukaa kavu na hutupwa likijaa, na la sponji, ambalo hupakwa oili ili vumbi linase, kisha hufuliwa na kurudishwa. Novatus, aliyepita njia za vumbi kila wiki, alitaka la sponji. Egbert, fundi mwenye gereji, alimkatia kipande cha godoro. Godoro halivumilii petroli. Hulainika, humeguka, na makombo huvutwa na injini. Pikipiki ilimzimikia Novatus bondeni. Aliiacha, akaenda kutafuta maji, akatumbukia korongoni na kuvunjika mguu. Wafugaji walipomkuta alikuwa amekwisha kukauka.

Msibani Egbert aliwaambia watu kwamba marehemu alikuwa amelewa lubisi, pombe ya ndizi. Waliamini, kwa kuwa lubisi wanaijua na chujio hawalijui. Deodatha, mwalimu wa fizikia, alifungua kabureta kwa mkono wake, akakuta makombo ya godoro, akayatia kwenye kopo. Alipomwonyesha mama mkwe wake, Xaveria, mama yule alisukuma kopo pembeni. "Mwanangu, usinitafutie mtu wa kumchukia. Niache nimlaumu marehemu mwenyewe."

Basi Deodatha alikwenda gereji siku ya gulio, wakati pamejaa madereva.

"Fundi, ile sponji uliyomwekea Novatus ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana, shemeji. Mungu amrehemu."

"Kata nyingine kama ile. Iweke kwenye pikipiki yako, unipitishe njia aliyopita mpaka Kaisho. Tukifika salama nitarudi hapa niombe radhi mbele ya hawa."

Dereva aliyekuwa amejilaza juu ya tenki la pikipiki yake aliangua kicheko. "Egbert, unaogopa godoro lako mwenyewe?"

Egbert alikata sponji mbele yao wote. Kilichobaki, yaani kuifunga, alikifanya alfajiri peke yake.

Deodatha naye hakumwambia mtu kwamba maji aliyobeba yalikuwa ya mtu mmoja. Hesabu yake ilikuwa fupi: pikipiki itazima bondeni, yeye ataondoka na dumu, na Egbert atatembea alipotembea Novatus.

Sasa, juu ya mlima, injini ilizima. Egbert alipiga kiki mpaka jasho likachora mistari kwenye vumbi la uso wake. Kisha akatoa spana.

"Kakae kivulini, shemeji. Jua kali."

"Nipo sawa hapa."

Egbert alijaribu kumpa mgongo, lakini Deodatha alisogea mpaka begani kwake. Kifuniko kilipotoka, ndani hamkuwa na sponji. Mlikuwa na chujio la karatasi, jipya, lenye mikunjo iliyopangwa vizuri kiwandani, na mikunjo yote ilikuwa imezama katika oili nzito. Juu ya oili vumbi lilikuwa limekuwa tope jekundu.

"Godoro liko wapi?" Deodatha aliuliza.

"Nilifikiria usalama wako, shemeji. Nikaweka la kiwandani."

"Kwa hiyo ulijua."

Egbert alifuta mikono kwenye suruali.

"Na karatasi umeipaka oili ya nini?"

"Chujio lolote linapakwa oili. Ndivyo tulivyofundishwa wote pale gereji."

"La sponji linapakwa. Karatasi ikilowa oili haipitishi hewa. Umeinyonga."

Egbert alilichomoa chujio, akalitupa kwenye nyasi. "Basi tunaenda bila chujio. Injini ni yangu, acha imeze vumbi." Deodatha alilifuata, akaliviringisha katika mfuko wa nailoni, akaliweka kwenye mkoba pamoja na chaki.

Bila chujio injini iliwaka mara ya kwanza. Walianza kuteremka. Vumbi lililotimuliwa na gurudumu la mbele liliingia moja kwa moja kwenye kabureta iliyo wazi, na katikati ya mteremko mchanga ukakwamisha eksileta. Egbert aliirudisha kwa mkono. Injini ikaendelea kunguruma. Alikanyaga breki, gurudumu la nyuma likateleza. Deodatha aliliona korongo, akajirusha kushoto. Pikipiki ilikwenda kulia pamoja na Egbert.

Deodatha alipoinuka, kiwiko chake kilikuwa kimechunika na dumu lilikuwa bado mkononi. Alishuka taratibu. Egbert alikuwa amelala kati ya mawe, mguu wa kulia umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi. Petroli ilikuwa ikitoka kwenye tenki, ikinywewa na ardhi. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na rundo la mawe na msalaba wa mti wa kahawa, aliousimika Deodatha mwenyewe pale alipokutwa Novatus. Egbert aliutazama, akageuza uso.

Deodatha alifungua dumu, akanywa, akafunga kifuniko.

"Maji, shemeji."

"Usiniite shemeji. Aliyenifanya shemeji yako alikaukia hapo."

"Nitasema ukweli. Nitasema chochote unachotaka."

"Chochote ndicho nisichokitaka."

Aliondoka. Hakuwa anamtisha tu: alipanda ukingo wa korongo, akashika njia ya Kaisho, na sauti nyuma yake ilipungua kutoka kilio mpaka mluzi wa koo kavu. Alitembea hadi kwenye mgunga uliopigwa na radi. Hapo alisimama, akapanga mambo yake kama anavyopanga somo ubaoni. Egbert akifa leo, watamzika kwa nyimbo. Watasema alikufa akimsaidia mjane. Novatus atabaki mlevi, na yeye atabaki na chujio ambalo halina mtu wa kulijibia.

Alirudi. Egbert alipomwona alianza kulia.

"Usipoteze maji," Deodatha alimwambia. "Ukifia hapa utaitwa marehemu. Sitaki uitwe marehemu. Nataka uitwe kwa jina lako."

Alikata fito mbili, akachana kitenge chake, akanyoosha mguu. Egbert alipiga kelele iliyorusha kanga kutoka vichakani. Deodatha alimpa maji kwa kifuniko cha dumu, kifuniko kimoja, naye akanywa kimoja. Kisha akamwekea mti wenye panda chini ya kwapa, akamsimamisha.

Walikwenda kwa kukokotana, wakipumzika penye kivuli, kisha hata pasipo kivuli. Midomo ya Egbert ilipasuka. Mchana nyati walijitokeza mbele yao, madume, wakinusa upepo. Deodatha alimvuta Egbert chini, akamziba mdomo kwa kiganja. Dume moja lilikaribia mpaka wakasikia nzi wake. Lilipogeuka, Deodatha alikuta damu kiganjani: Egbert alikuwa ameuma midomo yake mwenyewe ili asigune.

"Kwa nini hukuniacha?" alinong'ona.

"Tembea."

Kabla jua halijazama waliona pembe, ndefu na nyeupe, za ng'ombe wakirudi zizini. Wafugaji waliwapa maziwa, wakawalaza, na asubuhi wakafunga machela ya fito na kamba za migomba. Walikuwa wanaume watatu. Deodatha alishika mti wa nne.

Upande ule mgonjwa habebwi kimya. Machela ikifika kwenye kaya, huwekwa chini. Wenye nyumba huuliza yaliyompata, hujibiwa, kisha hutoa mtu wa kupokea mti. Nyumba haikatai, na hakuna anayebeba asichokijua. Deodatha alikuwa ameolewa huko. Desturi hiyo aliijua vizuri.

Kwenye kaya ya kwanza alitoka Rwegasira, mzee wa kanisa, na wanawe. "Poleni. Amepatwa na nini?"

"Ajali ya pikipiki, mzee," Egbert alisema.

Deodatha alitoa chujio mkobani, akaliweka juu ya kifua cha Egbert. "Hajamaliza kujibu, mzee."

Wana wa Rwegasira, waliokuwa wameshainama kushika miti, walinyooka, wakafunga mikono. Jua lilikuwa likipanda. Egbert aliwatazama mmoja mmoja, kisha akasema: alijiwekea chujio la karatasi, kwa sababu alijua godoro lingezima injini njiani.

"Na Novatus ulimwekea nini?" mzee aliuliza.

"Godoro."

"Ahaa," kijana mmoja alisema. "Ulimtandikia akalale."

Hakuna aliyecheka. Walimwinua.

Kwenye kaya iliyofuata alisimulia tena, na iliyofuata tena. Alipojaribu kufupisha, wale waliosikia kabla walimrudisha: "Hapo umeruka. Sema la lubisi." Kufikia migomba ya Kaisho, habari ilikuwa imetangulia, na watu walikuwa wamesimama vizingitini wakiisubiri kutoka kinywani mwake.

Kaya ya mwisho kabla ya zahanati ilikuwa ya Xaveria. Alikuwa uani akianika maharage. Machela iliwekwa chini.

"Shikamoo mama," Deodatha alisema.

"Marahaba. Amepatwa na nini huyu?"

Egbert alisimulia. Xaveria alisikiliza bila kuacha kusambaza maharage, mpaka mwisho. Ndipo aliposogea, akainama, akagusa karatasi kwa kidole na kukitazama kidole chenye oili.

"Mwanangu alikuwa amekunywa?"

"Hapana, mama. Hakuwa amekunywa."

"Na msibani kwangu ulikula?"

"Nilikula."

Xaveria alijifuta kidole kwenye kanga. Wabebaji walikuwa wamechoka, wakisubiri wa kuwapokea. Alitazama mlango wa nyumba yake, uliokuwa wazi na hauna mtu.

"Nyumba hii haina mbebaji," alisema. "Ilikuwa naye."

Deodatha, aliyebeba mti wa nne tangu zizini bila kumpokeza mtu, alitoka penye machela, akaenda kuchutama kando ya mama mkwe wake na kusambaza maharage. Wabebaji walitazamana. Miti ilikuwa minne nao walikuwa watatu, na Egbert alibaki chini, juani, chujio likiwa kifuani mwake.