Mchochea Moto Asiyechafuka

Gladness anauza chapati Mtoni, Temeke, na mtu yeyote wa mtaa ule atakuambia si mwanamke wa kutunga maneno. Mumewe, Albano, alikuwa mchochea moto. Kuna kampuni ya watu binafsi ilifufua garimoshi la zamani la makaa ya mawe, livute mabehewa ya watalii mwisho wa wiki. Dereva anaendesha, na pembeni yake lazima awepo mtu wa kushika beleshi: atupe makaa tanurini, atandaze moto, akokoe majivu, kifua kinaungua huku mgongo unapigwa na upepo. Kazi hiyo Albano alitafutiwa na dereva mwenyewe, Mzee Cyprian, mtu wa kwao Mbinga.

Mwanzoni Gladness aliijua kazi ya mumewe kwa kufua. Ovaroli moja ilimaliza mche wa sabuni na povu bado likawa jeusi. Usiku Albano alikohoa, kikohozi kikavu chenye mluzi mwishoni, mpaka mtoto wao Marietha akajifunza kukiigiza.

Masika yalipokatika, ovaroli zikaanza kurudi safi.

Si safi ya kufuliwa. Safi ya kutovaliwa. Kucha za Albano zilikuwa nyeupe, shingo haina masizi, na kikohozi kimekwisha pasipo dawa. Alirudi mapema. Alimchana mtoto nywele. Gladness alipouliza, alijibiwa kwamba siku hizi moto hausumbui. Na chakula alikionja tu, kama mgeni.

Gladness alimweleza Hamida, mpangaji mwenzake wa chumba cha pili. Hamida hakuhitaji kufikiri.

"Mwanaume akirudi kwake kaoga, kaogea wapi? Nenda kazini kwake, mwenzangu. Ukimkosa, umeshajua."

Basi mchana mmoja Gladness alimwacha Marietha kwa Hamida, akapakua ubwabwa na maharage kwenye hotpoti, akaenda karakana, nyuma ya yadi za makontena kule Kurasini. Njia nzima alikuwa akimwona huyo mwanamke kichwani. Alishampa sura, alishamvisha na nguo.

Alimkuta Mzee Cyprian amekaa kivulini. Akamwamkia. Mzee aliitikia marahaba bila kumtazama, akasema Albano ametoka kitambo, bora arudi nyumbani.

Lakini garimoshi lilikuwa linatoa moshi. Na kutoka juu, kwenye kibanda cha dereva, Gladness alisikia beleshi likikwangua chuma. Linachota. Linatupa. Linachota. Halipumziki.

Akauliza ni nani anayechochea. Mzee akasema ni kibarua tu, mgeni.

Yule kibarua akakohoa. Kikohozi kikavu, chenye mluzi mwishoni.

Gladness alizunguka upande wa pili. Mlango wa tanuri ulikuwa wazi, na mbele ya mwanga ule alisimama mtu kifua wazi, mweusi tii kwa masizi, mbavu zinahesabika. Aligeuka kuchota makaa. Alikuwa Albano. Macho yake yalimpita Gladness yakatua kwenye makaa, kana kwamba pale hapakuwa na mtu.

Gladness alitoa simu akapiga namba ya mumewe. Ilipokelewa haraka.

"Uko wapi, mama Marietha?" sauti ya Albano ikauliza, kwa upole. "Mie nimesharudi. Nimechemsha chai."

Nyuma ya sauti ile alimsikia Hamida akicheka na mtoto. Mbele yake, beleshi lilichota. Likatupa.

Hakukata simu. Aliichomeka kifuani, ingali hewani.

Mzee Cyprian alikuwa ameshafika nyuma yake, na Gladness hakuwa amesikia hatua zake. Alinong'ona karibu na sikio.

"Moto huu haumtaki mtu anayechoka, mwanangu. Nyumbani mume unaye, hujapungukiwa. Ukimwita huyu, yule ataenda wapi? Na mtoto yuko naye."

Gladness akamwona Marietha akilini, ameegemeza kichwa kwenye mapaja ya kile kitu, kitana kinapita taratibu. Akapanda ngazi. Chuma kilimuunguza viganja. Akamshika yule mtu mkono, wala hakupaza sauti.

"Baba Marietha. Twende nyumbani."

Beleshi likasimama.

Kwenye simu kikombe kikaanguka. Kisha kimya.

Mzee Cyprian hakuwazuia. Walipokuwa wakishuka, alikuwa ameukazia macho mlango wa tanuri, anafungua vifungo vya shati lake, kimoja kimoja.

Ndani ya bajaji Albano aliuliza kama mvua imeshakatika. Alikumbuka asubuhi moja mzee alimpa uji, akaunywa, akashika kazi. Kwake ilikuwa zamu moja tu, ila ndefu.

Hamida alikuwa uani, amembeba Marietha. Akaanza kueleza kwamba Albano kanyanyuka ghafla, kaingia chumbani na hajatoka mpaka sasa. Halafu akamwona mtu aliyesimama ubavuni mwa Gladness. Akamkumbatia mtoto, akarudi nyuma.

Chumbani hapakuwa na mtu. Dirisha lina nondo. Kitandani ovaroli ilikuwa imelazwa chali, imefungwa vifungo hadi shingoni, mikono yake imekunjwa kifuani. Gladness aliigusa. Ilikuwa na joto.

Mzee Cyprian hajaonekana tena nyumbani kwake. Nduguze Albano walikwenda kumuulizia karakana, wakarudi, wakasema tu kwamba garimoshi lina dereva mpya na moto unawaka vizuri. Albano hakurudi kule. Anarudiwa na nguvu polepole, anakohoa, anakula. Ila Marietha hamkaribii. Aliulizwa sababu, akasema huyu hajui kumchana. Na Gladness, ambaye alimshika mkono mwenyewe akamleta, siku nyingine humtazama mumewe akiwa amelala na kujiuliza amemleta nani.

Juzi asubuhi alikuwa akitandika godoro la mtoto. Ukutani, usawa wa mto, palikuwa na alama ya kiganja, ya majivu meupe, laini kama unga. Hamida alisema ni michezo ya mtoto. Gladness akaweka mkono wake juu ya alama ile. Kiganja kilikuwa kikubwa kuliko chake, kikubwa hata kuliko cha Albano.

Na hakikuwa na mstari hata mmoja.