Jibu Alilolitoa Kando ya Mitambo

Foleni ya tiketi ilitoka dirishani mwa ukumbi mpaka barabarani. Mshonaji alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi na rafiki yake msusi, kwa ajili ya onyesho la mama mmoja mwimbaji aliyempenda tangu yuko shule. Aliposogea hatua moja, kiatu chake kikanasa kwenye waya.

"Dada, taratibu!" akasema mwanamume aliyechutama chini na bisibisi. "Ukiuvuta huo, ukumbi mzima utanyamaza."

"Na wewe ukitandaza nyaya njiani, sisi tupite wapi? Turuke?"

"Ruka tu, nitakudaka."

Msusi akaangua kicheko. "Huyu Bwana Waya ana maneno!"

Jina likamganda. Alikuwa fundi wa mitambo ya sauti, shati limepauka lakini limepigwa pasi likanyooka. Kabla foleni haijasogea tena, alikwishapata namba ya simu ya mshonaji.

Onyesho lilikuwa bado miezi mitatu. Kila siku saa saba mchana, mshonaji akila kando ya cherehani, simu ililia.

"Umekula, mama?"

"Nimekula."

"Umeniwaza?"

"Nina suruali nane za kukunja pindo, nitakuwaza saa ngapi?"

Uongo mtupu. Alikuwa akimwaza mpaka akamshonea mteja mfuko nje ndani.

Siku tano kabla ya onyesho, Bwana Waya hakutania. "Mpenzi, nataka kukuoa. Usinijibu kwenye simu. Siku ya onyesho njoo pale kwenye mitambo, uniambie mwenyewe."

Siku ikafika. Mshonaji alivaa gauni la zambarau alilojishonea, limemkaa mwilini kama amezaliwa nalo. Alasiri, mwimbaji alipopanda jukwaani, marafiki hao wawili waliimba naye mpaka makoo yakawakauka. Ulipoanza wimbo alioupenda kuliko zote, mshonaji akamfinya msusi mkono.

"Naenda."

"Nenda, bibi harusi wangu!"

Bwana Waya alikuwa amesimama kwenye meza ya vitufe, macho jukwaani. Mshonaji akamjia ubavuni, akasogeza mdomo sikioni mwake. "Nimekubali."

Hakugeuka. Akasukuma kitufe kimoja, akasukuma cha pili. Kiitikio kikapita mara mbili, mshonaji amesimama tu. Akarudi kwa rafiki yake, uso umemshuka.

"Kasemaje?" msusi akauliza.

"Kabadili mawazo. Hata shingo hakugeuza. Twende nyumbani."

"Shoga, wimbo wako huu!"

"Twende."

Siku tatu hakupokea simu. Siku ya nne Bwana Waya akaja mwenyewe, akasimama mlangoni pa chumba cha ushonaji.

"Kama hunitaki, sema. Nilipogeuka niliona mgongo wako tu. Umefika mpaka mezani, ukaondoka bila kunijibu!"

"Nilikujibu! Nilikwambia sikioni!"

"Sikio lipi?"

Mshonaji akakumbuka aliposimama. "La kushoto."

Bwana Waya akaketi juu ya robota la kitambaa. "Hilo halisikii. Mwaka wa nne sasa. Spika zimeliua."

Cherehani ikasimama. "Na hukuniambia?"

"Sijamwambia mtu. Fundi wa sauti mwenye sikio moja, nani atampa kazi?"

"Kwani mimi ndiye ninayekuajiri?"

Bwana Waya akakuna kidevu, kisha akauliza taratibu, "Ulisema nini?"

"Leo sisemi. Nenda kwanza kamwambie mkuu wako wa kazi. Mimi siwezi kuolewa na mtu halafu kila siku nikae namsaidia kujificha."

Akaondoka bila kuaga. Usiku huo mshonaji hakulala, akijiuliza kama hajamfukuza kwa mdomo wake mwenyewe.

Kesho yake saa saba ikapita kimya. Saa nane simu ikalia.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kanitoa kwenye sauti. Kanipeleka kwenye taa, nikajifunze upya kama mgeni."

"Imekuuma?"

"Imeniuma sana." Akavuta pumzi. "Ila nimepumua, mama."

Mshonaji alifuta macho kwa kipande cha bitana. "Jumapili mlete mama yako, aje aonane na mama yangu."

"Maana yake...?"

"Maana yake msije mmechelewa. Haya, nina mteja mlangoni."